Mashahidi Wasiosalimiana

Katika mji wa Tarley, Mississippi, ukimwona Vernita Suggs akishuka garini na ndoo ya kunde mbichi, ujue kuna mzee ambaye daktari ameshamkatia tamaa. Watu walimtania hivyo mpaka kanisani, na utani wenyewe ulikuwa na ukweli ndani yake. Kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yake ilikuwa kuwafikia waliopigania haki za kiraia kabla mchimba kaburi hajawafikia, na mara nyingine wawili hao walipishana mlangoni.

Siku ya kwanza hakumwuliza mtu swali. Alikaa barazani, akaweka ndoo katikati, akaanza kumenya. Hakuna mzee wa kule Delta, bonde la pamba la Mississippi, awezaye kuona kunde zikimenywa na mikono yake imelala tu mapajani. Atavuta kiti, atachota konzi moja, na mikono ikishapata kazi mdomo nao hufunguka wenyewe. Chombo cha kurekodi kilikaa juu ya kiti cha tatu kama mgeni asiye na neno.

Alikuwa na kanuni moja tu, na aliifuata kama watu wengine wanavyofuata dawa ya presha. Jina la mtu halikuandikwa mpaka litajwe na mashahidi wawili wasiosalimiana. Marafiki husaidiana kukumbuka, na wakishasaidiana hujui tena nani aliona na nani alisimuliwa. Lakini mtu anayekuchukia akikiri kwamba ulikuwepo, basi ulikuwepo. Bahati nzuri Tarley haikupungukiwa na watu wanaochukiana. Kanisa la Mlima Nebo lilipasuka zamani kwa ugomvi wa kinanda, likazaliwa Mlima Nebo Mpya ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, na tangu hapo kila Jumapili kwaya mbili zinashindana kupaza sauti, Mungu akiwa katikati anaziba masikio. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Vernita alikuwa kunguru mwenye shahada ya uzamili.

Alizaliwa mwaka 1959, nyumba ya pili kutoka kinu cha pamba. Alikuwa miongoni mwa watoto weusi wa mwanzo kupelekwa shule ya wazungu, ambako alijifunza kula chakula cha mchana mgongo ukiwa umeegemea ukuta. Alisoma sana, akaondoka, kisha akafanya jambo lililowashangaza wote: akarudi. Alifundisha historia katika chuo kidogo cha kaunti mpaka somo lake lilipofutwa kwa maelezo kwamba wanafunzi hawalitaki. Kitabu chake kimoja kilisifiwa hasa na watu waliokipata bure. Mume alichoka kuishi na wafu, akahamia Memphis kwa mwanamke aliye hai. Mwana wao yuko Chicago, na akipiga simu huuliza, "Mama, bado unazika?"

Bado alikuwa anazika. Mwaka ule peke yake alikula matanga mengi kuliko chakula cha nyumbani kwake: kuku wa kukaanga, sukuma wiki iliyopikwa na mifupa ya nguruwe, pai ya viazi vitamu, na wajukuu wa marehemu wakimwangalia kwa wasiwasi kujua bibi alisema nini kwenye ile mashine. Uchovu aliokuwa nao haukuwa ule wa kulala ukaisha. Aliamka nao, akaoga nao, akauvalisha viatu.

Ndipo likaja suala la jiwe.

Kaunti, baada ya miaka sitini ya kujifanya haikumbuki, ilikubali kusimamisha jiwe mbele ya mahakama, lichongwe majina ya walioandamana Juni 1964 kwenda kujiandikisha kupiga kura. Waandamanaji wale walikamatwa hata kabla ya kukanyaga ngazi, wakafungiwa katika mabanda ya ng'ombe ya uwanja wa maonyesho. Kazi ya kuthibitisha majina alipewa Vernita. Mwenyekiti wa kamati, Shemasi Rayfield Gant, kinyozi mstaafu, alidhani ni kazi ya jioni moja.

Alikosea. Mji mzima uliandamana, kwa mujibu wa mji mzima. Wengine walidai waliongoza nyimbo, na Vernita alijua mwaka ule walikuwa bado wanakojoa kitandani. Kama wote wanaodai wangekuwepo kweli, msafara ule ungefika Memphis.

"Dada Vernita, waandike tu," Shemasi Gant alimwambia kwenye simu. "Jiwe ni kubwa."

"Jiwe ni kubwa, Shemasi, uongo ni mkubwa zaidi. Hautatosha."

"Aa, wewe! Ukifika mbinguni utamwomba Mtakatifu Petro kitambulisho."

"Na shahidi wa pili."

Shemasi akacheka, kisha akamkumbusha kwamba mchonga mawe anataka majina Ijumaa, na Ijumaa ikipita kazi inasogea hadi mwaka ujao. Vernita hakucheka. Wangapi wangekuwepo mwaka ujao?

Asubuhi iliyofuata alimpelekea mama yake uji wa mahindi kitandani. Bi Mozelle alikuwa na miaka themanini na minane, na moyo wake ulikuwa unafanya kazi pale unapojisikia. Miguu ilivimba, pumzi ilikatika, na daktari alikuwa amesema kwa upole maneno ambayo madaktari husema wanapokurudishia mgonjwa wako. Ulimi, hata hivyo, ulikuwa mzima kabisa.

"We Vernita. Lile jiwe, mimi nimo?"

"Kwenye jiwe?"

"Usijifanye umeziba masikio. Nimo, simo?"

Vernita akaweka kijiko chini. "Mama, hujawahi kuniambia uliandamana."

"Hujawahi kuniuliza. Unazunguka kaunti nzima na ndoo yako, unawamenyea kunde watu ambao hata majina ya watoto wao wamesahau. Mimi nipo hapa, ukuta kwa ukuta. Umeniuliza lini?"

Lilimchoma. Alizoea kumwona mama yake kuwa ni mtu wa jikoni, mtu wa kumwuliza kama chumvi imetosha.

"Nilivaa gauni langu la buluu," Bi Mozelle akaendelea, macho yakiwa dirishani. "Jua lilikuwa kali, lami inanata viatuni kama molasi. Tukapita kinu cha pamba tunaimba. Niandike, mwanangu. Sijakuomba kitu tangu ulipoolewa na yule mjinga. Nataka nife jina langu likiwa mahali."

Vernita alikwenda akasikiliza tena sauti alizorekodi zamani, na kweli alimpata shahidi mmoja. Marehemu dada yake Shemasi Gant alisema, katikati ya habari ndefu ya kofia yake, "Mozelle alitoka nasi kanisani." Shahidi mmoja wa Nebo. Wa pili alipaswa kutoka Nebo Mpya, na huko kati ya waandamanaji alikuwa amebaki hai mtu mmoja tu, Bi Arzula Pettway.

Aliporudi kumwambia mama yake, alitarajia akunje uso. Bi Arzula na Bi Mozelle hawakuwa wamesemezana tangu Vernita ni mtoto. Kwenye duka la vyakula mmoja akiingia njia ya mchele, mwenzake hugeukia kwenye sabuni.

"Kamuulize," Bi Mozelle akasema, akajifunika shuka. "Hanipendi hata kidogo. Si ndivyo unavyowataka?"

Alhamisi mchana Vernita alikwenda. Njiani aliona aibu kwamba anaomba, na hakuwa amemwomba Mungu kitu kwa muda mrefu. Aliomba mwanamke yule aseme ndiyo. Miaka yote alipima majina ya watu wengine kwa mkono usiotetemeka. Hili lilikuwa la mama yake, na mama yake alikuwa anakufa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wa kwako ndio hukuvunja shingo.

Bi Arzula alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa miwani mikubwa iliyoyafanya macho yake yaonekane yamekasirika hata yakiwa yamepumzika. Alimkaribisha barazani, akamletea chai baridi yenye sukari ya kuua mtu. Vernita alikuwa ndio kwanza ameanza kumenya kunde; Bi Arzula hakuzingoja.

"Umekuja kwa ajili ya Mozelle," akasema.

"Nimekuja kuuliza habari za siku ile, Bi Arzula. Nani ulikuwa naye?"

"Nilikuwa na mama yako. Andika. Alivaa gauni la buluu. Jua lilikuwa kali, lami inanata viatuni kama molasi. Tukapita kinu cha pamba tunaimba."

Kunde zikasimama mikononi mwa Vernita. Alishawasikiliza watu kwa mamia, na wakweli wawili hawakuwahi kumpa maneno yanayofanana. Mmoja atakumbuka mbwa, mwingine mvua, wa tatu ataapa hakukuwa na mbwa wala mvua. Huyu alikuwa anasoma kitu kilichoandikwa kichwani mwake, na Vernita alimjua mwandishi.

Kabla hajasema neno, simu ya mezani ikalia ndani. Bi Arzula alikuwa hasikii vizuri na simu yake ilikuwa imefunguliwa sauti mpaka mwisho. Alijikongoja akaipokea, na kupitia wavu wa mlango sauti ya Bi Mozelle ikajaza baraza.

"Ameshafika?"

"Simu imekosea namba, bibi," Bi Arzula akasema kwa ukali.

"Namba gani iliyokosea? Arzula, umemwambia ile ya lami?"

"Mozelle, weka simu chini."

"Usisahau kuimba. Mwambie tulikuwa tunaimba."

"Weka simu chini, mwanamke, mtoto yuko hapa!"

Simu ikakatika. Bi Arzula alirudi barazani akakaa.

"Tangu lini mnaongea?" Vernita akauliza.

"Tangu alipolazwa, mwaka juzi. Alinipigia kutoka hospitali. Akaniambia, 'Arzula, kila mtu niliyekuwa namjua amekufa, nimebakiwa na adui tu.'" Bi Arzula akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Ningefanyaje? Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Sasa tunaongea kila siku baada ya kipindi cha mahubiri. Tunawasengenya marehemu."

Wagombanao ndio wapatanao, na kwingine kokote Vernita angeshangilia. Lakini adui wa mwisho wa mama yake alikuwa ameshakuwa rafiki, na ushahidi wake haukuwa na thamani ya ganda la kunde.

"Bi Arzula, aliandamana au hakuandamana?"

"Nimeshakujibu."

"Umenijibu maneno yake. Nataka yako."

"Wewe mtoto una roho gani?" Mwanamke yule alipandisha sauti. "Mama yako anahesabu pumzi, anaomba mstari mmoja juu ya jiwe, na wewe umekaa hapa kama hakimu! Unautaka ukweli? Haya, meza. Tulitoka kanisani tumeshikana mikono, mimi naye. Tulikubaliana: jela moja, seli moja. Tukafika kwenye kinu. Mara nyuma kuna mtoto analia, anakimbia peku juu ya lami ile ya Juni, anaita Mama, Mama. Mozelle akageuka. Akaniachia mkono. Akamwokota mtoto, akarudi nyumbani. Mtoto mwenyewe nani, unadhani?"

Vernita hakudhani. Nyayo zake zilishajibu kabla yake. Alikumbuka malengelenge, alikumbuka mama yake akimpaka mafuta ya nguruwe, na habari aliyokua nayo, kwamba alikanyaga majivu ya moto chini ya sufuria ya kufulia. Habari ile ilikuwa na shahidi mmoja tu, na hakuwahi kuitilia shaka.

"Nilipotoka mle bandani," Bi Arzula alisema, sauti sasa imeshuka, "nilisimama mbele ya kanisa zima. Nikasema wengine wetu tulikwenda, na wengine walipata kisingizio chenye miguu. Watu wakacheka. Hiyo ndiyo iliyotutenganisha, wala si kinanda. Nilijiona shujaa, kumbe nilikuwa nimenuna tu kwa sababu niliogopa peke yangu." Akavaa miwani. "Kwa hiyo nilipoombwa niseme uongo, niliona nalipa deni. Mwandike, Vernita. Tutakufa sote wawili karibuni na hakuna atakayejua."

Vernita aliaga vizuri, akaacha kunde zote pale. Alikaa ndani ya gari bila kuliwasha, mikono juu ya usukani, joto likimtoa jasho. Alikuwa amechoka hata kulia hawezi. Alifikiri jinsi ilivyo rahisi. Shahidi wa Nebo yupo, wa Nebo Mpya yupo, mji mzima unaamini bibi hawa ni paka na panya. Hata Mtakatifu Petro angepiga muhuri.

Nyumbani alimkuta mama yake ameketi wima juu ya mito mitatu, nywele amechana, amejipaka poda usoni kama anayengoja wageni.

"Arzula hajui kusema uongo," Bi Mozelle alianza yeye. "Hakujua tangu ujana. Anakuwa kama mtoto anayekariri shairi la Pasaka kanisani."

"Ndiyo, Mama."

"Amekwambia yote?"

"Amesema ni mimi niliyekurudisha." Vernita alikaa ukingoni mwa kitanda. "Kwa nini uliniambia ni majivu?"

"Ulikuwa na miaka mitano. Ungekua nalo la nini?" Bi Mozelle alivuta pumzi, ikakwama, ikapita. "Sasa, Ijumaa ni kesho. Nimo, simo?"

Vernita alimtazama. Aliona mishipa ya shingo, poda iliyoganda kwenye mikunjo, na hofu iliyokuwa imejificha nyuma ya swali. Hakuna siku aliyoichukia kazi yake kama siku hiyo.

"Humo, Mama."

"Hata kama hakuna atakayejua?"

"Mimi nitajua. Na kila nitakapopita pale mahakamani nitaona jina lako, halafu nitayatilia shaka na yale mengine yote."

Bi Mozelle alifumba macho. Chozi moja lilichora njia kwenye poda. "Nimekulea vibaya," akasema. "Nilikulea mkweli, sasa nakula jeuri yangu."

"Nisamehe. Kama nisingekufuata..."

"Nyamaza. Hujui unachosema." Mkono uliovimba ukamshika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo Vernita hakujua bado imo. "Arzula naye hajui, hakuna ajuaye. Nyumba ya jirani yetu Bi Lottie ilikuwa pale pale pembeni ya kinu, na Bi Lottie mwenyewe amesimama mlangoni. Ningeweza kukukabidhi kwake nikaendelea. Yeye mwenyewe alinyoosha mikono. Niliiona mikono yake, Vernita. Mbele niliona magari ya polisi na mbwa, nikaogopa. Niliposikia sauti yako nyuma, nilimshukuru Mungu. Umeunguza miguu, unalia, na mimi mama yako nimefurahi. Nikakukumbatia kukuficha uso wangu. Ndiyo maana nilitaka jina kwenye jiwe. Nilifikiri likichongwa huko, huku ndani litafutika."

Nje lori la Shemasi Gant lilikuwa linaegeshwa. Alikuwa amekuja kuchukua majina. Vernita alimsikia akifunga mlango, akikohoa, akimsalimu jirani. Hakuinuka. Maumivu aliyoyasikia kwa ajili ya mama yake yalikuwa makubwa kuliko lawama yoyote, na ndani yake likazuka swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtu barazani, kwa miaka yote ile, kwa kunde zote zile.

"Mama, kuna wengine waliorudi siku ile?"

Bi Mozelle alifungua macho akamkodolea kama aliyeulizwa iwapo mto una maji.

"Wengine? Mwanangu, tulitoka kanisani tumeijaza barabara. Waliofika mahakamani uliwahesabu mwenyewe. Ulifikiri wale wengine walipaa mbinguni? Waliingia vichochoroni, mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake. Tulikuwa wengi kuliko wao, na miaka sitini hatujathubutu hata kutazamana sokoni. Ulikuwa unapita barazani kwetu na ndoo yako, unakwenda kwa mashujaa."

"Waliobaki hai ni nani?"

"Labda mimi tu."

Shemasi alibisha hodi. Vernita aliita bila kugeuka, "Subiri barazani, Shemasi, nina mtu hapa." Kisha akavuta kiti karibu na kitanda, karibu mpaka magoti yakagusa godoro.

"Nitajie, Mama. Wote unaowakumbuka."

Bi Mozelle alijifuta poda usoni kwa shuka, yote, mpaka ngozi ikabaki kama ilivyo.

"Anza na mimi," akasema. "Na usinipambe."